Chumba Kitatutosha

Kabla sijafika Johannesburg sikujua kwamba chumba kinatafutwa ukutani. Kwetu Tanga ukitaka chumba unamuuliza mtu, naye anamuuliza mtu, mpaka mwenye chumba anakuja mwenyewe kukutazama kama una adabu. Hapa unasimama mbele ya spaza, kaduka ka mtaani, unasoma vikaratasi vilivyobandikwa nje: chumba cha mtu mmoja, mwanamke anayefanya kazi, maji na umeme humo humo, watoto hapana. Hilo la watoto huandikwa kwa herufi kubwa na kupigiwa mstari, utadhani wanazungumzia panya.

Nami nilikuwa na mtoto. Hakuwa amefika bado, lakini alikuwa njiani kuja, na hilo ndilo lililoninyima usingizi mwaka ule. Nilimwacha kwa mama yangu akiwa na miaka mitano, nikaja huku kushona sare za shule kwenye chumba cha mafundi katikati ya mji. Sasa alikuwa na minane. Mama alianza kuvimba miguu, kaka yangu wa Dar akasema atamchukua akae kwake, na mke wake akasema wazi kwamba bibi atampokea lakini mtoto hapana. Sawa, nyumba ni yake. Jirani yetu mmoja, mwanamke wa biashara anayekuja Johannesburg kununua nguo, akakubali kumleta mwanangu kwa basi, Jumamosi ya mwisho wa mwezi uliofuata. Nilikuwa na wiki tano za kutafuta mlango ambao mtoto angepita.

Nilipokuwa nikikaa hapakufaa. Ilikuwa fleti ya ghorofani mjini, wanawake sita, tumegawana vyumba viwili kwa mapazia. Ukijigeuza kitandani, mwenzako anakohoa.

Nikaanza kuzunguka kila nikitoka kazini. Mlango wa kwanza, Turffontein, karibu na uwanja wa mbio za farasi, mzee aliniuliza kama nina watoto, nikasema mmoja, akafunga mlango taratibu kama mtu anayeogopa kumwamsha mgonjwa. Wa pili walinipa chai kwanza, wakaninyima baadaye. Wa tatu, mwanamke mwenzangu, mwenye watoto wanne wake mwenyewe wanakimbizana uani, akaniambia watoto wana kelele. Nikamwambia, "Ndio, nawasikia." Basi, chumba kikaniponyoka kwa mdomo wangu. Mie nina mdomo, sikatai, maneno hayanikai kooni. Wa nne sitaki hata kuusema.

Nikaapa kwamba wa tano nitanyamaza. Nitasema niko peke yangu, nitaingia, na mtoto akishafika nani atamtupa nje? Nilijua si vizuri. Nilijua, na hivyo hivyo nikatia nia.

Wa tano ulikuwa La Rochelle, nyumba ya bati jekundu yenye ukuta mfupi, na kikaratasi chake kiliandikwa kwa Kiswahili: "Chumba iko. Ulizia hapa." Jamani, chumba iko! Sisi watu wa Tanga tuna ugonjwa huo, tunajiona Kiswahili tumekizaa wenyewe. Nilisimama pale nje nikakisahihisha kimoyomoyo, chumba kipo, chumba kipo, ndipo nikabisha hodi.

Akafungua mama wa Kikongo, mtu wa Lubumbashi, mnene, mrefu, wa miaka hamsini hivi, na kitana kimechomekwa kichwani. Alikuwa msusi. Akanitazama kuanzia juu mpaka chini, macho yakatua miguuni kwangu.

"Karibu, mama. Tosha viatu."

Nikavitazama viatu vyangu. "Vinanitosha," nikamjibu.

"Njo nasema utoshe."

"Mama, vinanitosha kabisa, nimevaa mwaka wa pili huu."

Yule mama akashika mlango, akacheka mpaka akakaa chini kwenye kizingiti. Kumbe kwao njo ni ndio, na kutosha ni kuvua, kuondoa, kutoa. Alikuwa ananiambia nivue viatu nisimchafulie sakafu, nami namweleza habari za saizi. Nikavua. Nilicheka na mie, ingawa moyoni nilisema, loh, hawa watu wamekifanya nini Kiswahili.

Chumba chenyewe kilikuwa cha nyuma, kimejengwa peke yake uani, mlango mmoja na dirisha dogo, choo nje. Nilisimama katikati nikapima kwa macho. Kitanda pale. Mkeka wake pale chini ya dirisha, akishazoea. Daftari zake za shule juu ya sanduku. Nikajikuta nimesema kwa sauti, "Kitatutosha."

Akacheka tena. "Hapana, mama. Chumba haitoshake mutu. Mwenye nyumba njo anatoshaka mutu!"

Yaani chumba hakimwondoi mtu, anayemwondoa mtu ni mwenye nyumba. Ulikuwa utani, tena mzuri, lakini ulinichoma kama sindano iliyosahauliwa kwenye pindo. Baada ya kucheka aligeuka akatazama nyuma yangu, kule getini, kidogo. Nilidhani anaangalia kama limefungwa.

"Uko peke yako?" akauliza.

"Niko peke yangu."

"Sawa," akasema. "Karibu."

Nikahamia na sanduku langu, godoro na cherehani. Na ukweli lazima niuseme, yule mama alinipenda. Mumewe alikuwa mlinzi, mtu wa maneno machache, akirudi asubuhi mimi ndio natoka. Ijumaa jioni walisali na wenzao sebuleni, wakiimba kwa sauti ya kutikisa bati, na kabla ya kuanza mama alikuja kuniuliza kama nimeshamaliza swala yangu, wasije wakanivuruga. Aliniletea sahani ya bukari na sombe. Mie nasema ni ugali na kisamvu, yeye anasema ni bukari na sombe, tukabishana mpaka chakula kikapoa. Aliponisuka alinikalisha kwenye hatua za jikoni, magoti yake yamenibana mabega, ananifundisha Kiswahili chake na mie namsahihisha, hakuna aliyemsikiliza mwenzake.

Siku moja ya kusukana ndipo nilipomuuliza habari za chumba cha mbele. Nyumba ilikuwa na chumba kikubwa kinachotazama barabara, siku zote kimefungwa. Kila Jumapili alikifungua, akafuta vumbi, akabadilisha shuka ambazo hakuna aliyezilalia, akafunga. Akaniambia ni cha mwanawe. Aligombana na baba yake, akaenda Cape Town, mwaka wa tatu sasa, na simu hapigi.

"Akirudia, akute fasi yake," akasema. Mikono yake ilisimama kichwani mwangu, kisha ikaendelea.

Hapo ningeweza kumwambia, "Mama, na mie nina mtoto." Mlango ulikuwa wazi kabisa. Nikaogopa. Mtu akishakupenda, unaogopa zaidi kumwambia ulimdanganya tangu siku ya kwanza.

Nilikuwa nimeshamtumia mwanangu viatu vya safari, kwa mkono wa yule jirani yetu. Vyeusi, vya ngozi, vya kamba. Nilivinunua dukani mjini kwa kukumbuka mguu wake ulivyokaa kiganjani mwangu nilipokuwa namwosha, nikaongeza kidogo kwa ile miaka mitatu. Wiki mbili kabla ya safari nikampigia simu. Ilikuwa Jumamosi asubuhi, nimekaa mlangoni najipasha jua, maana baridi ya Johannesburg inaingia mpaka kwenye meno.

"Viatu vimefika?"

"Vimefika, mama. Vizuri."

"Vinakutosha? Sema kweli."

"Vinanitosha."

"Haya, mwanangu. Tutaonana Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Chumba chenyewe kidogo, nakwambia mapema. Tutabanana. Ila we kadogo tu, kitatutosha."

"Ndio, mama."

Nilipokata simu nikaona shuka zinatikisika kwenye kamba. Mama mwenye nyumba alikuwa nyuma yake anaanika. Aliniamkia, akachukua beseni lake, akaingia ndani. Moyo wangu ulishuka mpaka kwenye visigino.

Nikangoja aniulize. Hakuniuliza. Jumatatu, Jumanne, wiki ikaisha. Akileta sahani anasimama mlangoni kidogo zaidi kuliko kawaida, ananitazama, kisha anaondoka. Nikajisemea, ananipeleleza huyu. Wallahi, mtu mwenye siri huona kila jicho ni la polisi.

Alhamisi, siku mbili kabla mtoto hajafika, nilirudi kutoka kazini mapema kwa sababu umeme ulikatika na cherehani za kule zinatumia umeme. Nikapita kando ya nyumba kuelekea uani. Dirisha la jikoni lilikuwa wazi, na mama alikuwa anaongea na mumewe.

"Ile mama wa Tanzania, mutoto wake anakuya Jumamosi," anasema. "Nitamutosha mule. Mbele mutoto afike, nitamutosha. Nilishasema."

Mumewe akaguna, "Eish, kweli?"

"Kweli. Kesho utanisaidia kutosha bintu." Bintu ni vitu; vyangu, nikajua.

Sasa, ningekuwa mjinga wa lugha yao nisingeelewa. Ningesikia "nitamtosha" nikacheka nikaenda zangu. Lakini nilikuwa nimeshafundishwa, tena na yeye mwenyewe, kwamba kwao mbele ni kabla, na kwamba mwenye nyumba ndiye anayemtosha mtu. Nilisimama pale kwenye ujia, damu ikanipanda kichwani. Mwanangu alikuwa ndani ya basi, ameshaingia Zambia, na mimi natupwa nje. Akifika atalala wapi, kwenye benchi la kituo?

Sikubisha hodi. Niliingia jikoni na viatu vyangu.

Nilimwambia maneno mengi. Nilimwambia wanajiita walokole, wanaimba kila Ijumaa mpaka mtaa mzima hausikilizani, kumbe mtoto wa mwenzao kwao ni takataka. Nilimwambia sahani zake za kisamvu ajilie mwenyewe. Alinyanyua mkono, anataka kusema kitu, na mimi sikumpa nafasi. Nikasema, "Ndio maana mwanao alikukimbia. Hata simu hakupigii!"

Mumewe alitazama sakafu. Yule mama aliushusha mkono wake polepole, akazima jiko ingawa chakula hakikuwa kimeiva, akapita mbele yangu akaenda chumbani kwake. Hakufunga mlango kwa nguvu. Ningependelea aubamize.

Ijumaa sikwenda kazini. Nilizunguka Turffontein yote, nikarudi mpaka kwa yule mwanamke wa watoto wanne, nikamwomba kwa sauti ya chini ambayo sijawahi kumwomba nayo mtu. Chumba kilishachukuliwa. Kwenye robot, taa za kuongoza magari za barabara kubwa, nilisimama, taa ikageuka kijani, ikarudi nyekundu, ikageuka tena, na mimi bado nimesimama. Nililia pale pale mbele ya watu. Nilichokuwa nalilia ni mtoto, na pia yale maneno ya mwisho niliyosema, ambayo nilijua tangu yanatoka kwamba hayarudi.

Saa tisa alasiri nikarudi kufunga mizigo. Nikamkuta baba mwenye nyumba mlangoni kwangu, hakulala tangu atoke zamu, macho mekundu.

"Mama amenituma nikusaidie kutosha bintu," akasema.

"Natoka mwenyewe. Sihitaji msaada."

Aliinama, akakunja godoro langu, akalitia kichwani, akatoka. Nikachukua cherehani nikamfuata nikimsemesha, shika taratibu, hilo si lenu. Lakini hakwenda getini. Alipinda kushoto, akaingia jikoni, akapita sebuleni. Nikamfuata bado nasema. Akaingia chumba cha mbele.

Kilikuwa wazi na kitupu. Dirisha limefunguliwa, pazia limefuliwa, sakafu bado ina maji ya sabuni. Ukutani palibaki alama nne za gundi, mahali picha zilipobanduliwa. Mama mwenye nyumba alikuwa amepiga magoti na kitambaa, anapangusa pembe ya mwisho. Kwenye ujia kitanda kilikuwa kimeegemezwa ukutani kupisha maji, na kando yake maboksi matatu yamefungwa kamba, na juu ya maboksi viatu vya mpira vya mwanamume, vimepangwa sawasawa, tayari kwenda kwenye kile chumba changu cha uani.

Baba akatua godoro. Nilikuwa bado nimekumbatia cherehani.

"Kule nyuma ni baridi," mama akasema, bila kunitazama. "Mutoto hawezi kulala kule. Nilisema nitakutosha kule, nikuweke huku."

Midomo yangu ilifunguka na hakuna kilichotoka. Mimi, mtu wa mdomo!

"Ulinisikia kwenye simu," nikasema mwishowe. "Ndipo ulipojua."

Akasimama, akakamua kitambaa ndani ya ndoo. "Nilijua siku ya kwanza. Nilikuuliza uko peke yako, ukasema peke yako. Lakini mbele ya pale ulisema nini? Haukusema itanitosha. Ulisema ita-tu-tosha. Niliangalia nyuma yako nione mwingine ni nani." Akanitazama sasa. "Nilingoja uniambie weye mwenyewe. Kila nikileta chakula, nangoja. Juu ya nini haukuniambia?"

Nikakumbuka namna alivyotazama getini. Silabi moja tu, na mimi ndiye fundi wa kusahihisha watu. Nilitua cherehani chini, nikamwambia anisamehe, nilisema vibaya, nilisema kitu ambacho hata adui hamwambii adui. Nililia bila aibu, kamasi na vyote.

"Sijakusamehe bado," akasema. "Ile neno ilinichoma sana. Lakini mutoto hakunitukana. Shika kitanda, tukiingize."

Tukashika kitanda.

Jumamosi asubuhi nilikuwa kituo cha mabasi mjini kabla hata wauza chai hawajawasha majiko yao. Basi liliingia limechelewa, limejaa vumbi la nchi nne. Jirani yetu alishuka kwanza, kisha nikaona msichana mrefu, shingo ndefu, ameshika mkoba kwa mikono miwili. Nilimtafuta mwanangu nyuma yake. Kumbe ndiye yeye. Aliniamkia shikamoo kama unavyomwamkia mgeni, nikamvuta kifuani, na kichwa chake, ambacho nilikuwa nakikumbuka kwenye kiuno changu, kikafika karibu na bega.

Alikuwa anatembea vibaya, hatua fupi fupi. Nikasema ni uchovu wa basi, siku tatu za kukaa si mchezo.

La Rochelle, mama mwenye nyumba alikuwa anatungoja mlangoni, amevaa kitenge cha kanisani. Tangu jana tulikuwa hatujazungumza zaidi ya habari za kitanda. Akamtazama mwanangu kuanzia juu mpaka chini, macho yakatua miguuni, na kwa mazoea akasema:

"Karibu, mwanangu. Tosha viatu."

Nikataka kucheka, kumweleza, lakini nikaona uso wa mtoto umebadilika. Alitazama viatu, akanitazama mimi, macho yakamjaa machozi.

"Havinitoshi," akasema. "Nisamehe, mama. Havinitoshi."

Mama mwenye nyumba hakucheka. Alipiga magoti palepale kwenye saruji na kitenge chake kizuri, akamfungua kamba, akamvua kimoja, kisha kingine, taratibu. Soksi zilikuwa zimegandamana na visigino. Vidole vilikuwa vimejikunja, na kidole kidogo kimechubuka mpaka kwenye nyama nyekundu. Nchi nne amevaa vile viatu.

"Mwanangu, mbona uliniambia vinakutosha?"

Alijifuta pua kwa mkono. "Ulisema chumba kidogo. Ulisema mimi kadogo ndio maana kitatutosha. Nikaogopa ukijua nimekua, utasema hakitutoshi."

Nilikaa chini kwenye kile kizingiti, nikaushika mguu wake. Ulipita kiganja changu, ukafika katikati ya mkono.

Mama mwenye nyumba alishika mguu wa pili. Alinitazama juu ya magoti ya mtoto, kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi akanitazama kama zamani, kisha akamgeukia yeye.

"Usiogope, mwanangu," akasema. "Chumba iko kubwa."

Na mimi sikumsahihisha, hata kimoyomoyo.